Kutu haitibiwi kwa puti: jinsi ya kukarabati bodi ya gari la zamani Mbale na Jinja

Gari limetoka gereji linang'aa. Mwenye gari amelipa, amefurahi, ameondoka. Mvua za Machi zinaanza Mbale, na kufikia Mei rangi imevimba chini ya mlango kama malengelenge. Anabonyeza kwa kidole, puti inadondoka, na nyuma yake kuna tundu. Anarudi akiwa na hasira, na jina linalotajwa mtaani ni lako wewe uliyeshika nyundo.

Kwa fundi yeyote hiyo ni hasara. Kwa fundi mkimbizi ni zaidi ya hasara, kwa sababu hapa huna shamba la ukoo la kurudia wala mjomba wa kukudhamini. Una mikono yako na sifa yako. Na kwa mwenye gari, hasa mwenye teksi anayebeba watu, tundu lililofichwa linaweza kuwa pale pale mkanda wa kiti ulipofungwa.

Makala hii ni kwa ajili yako unayejifunza kazi ya kunyoosha bodi, na kwa ajili yako unayepeleka gari gereji. Inaeleza kutu inavyofanya kazi, jinsi ya kuikata, jinsi ya kuweka bati jipya (ndugu wengi kutoka Kongo huliita tole), na jinsi ya kujilinda wewe, mteja wako na jirani zako.

Kwa nini magari ya zamani bado yana kazi

Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza nchini gari lililopitisha miaka 15 tangu litengenezwe, isipokuwa aina chache maalumu. Kwa hiyo gari la zamani ambalo tayari liko hapa si rahisi kulibadilisha na jingine la umri ule ule. Mwenye pickup ya Peugeot 504, Land Rover ya miaka ya 1970 au Toyota Corona ya baba yake ana njia mbili: kulitunza au kuliuza kama chuma chakavu.

Chuma chakavu kina soko karibu. Historia ya viwanda vya chuma vya Jinja inaanzia miaka ya 1960, na kazi yake ni kuyeyusha vyuma vikuukuu na kutoa nondo za ujenzi. Madigadi iliyotupwa Mbale leo inaweza kuwa ndani ya nguzo ya nyumba mwakani. Hakuna ubaya, lakini gari likishayeyushwa halirudi.

Baadhi ya magari haya yana historia ya kujivunia. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alilazimika kuhamia Kenya mwaka 1972 wakati wa utawala wa Idi Amin, Waasia walipofukuzwa. Mwaka uliofuata alishinda Safari akiendesha Datsun 240Z, na baadaye akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Mtu aliyeondolewa kwao alitambuliwa kwa kile alichoweza kufanya na gari. Leo yapo mashindano ya Safari ya magari ya zamani peke yake, yaliyoanza mwaka 2003, na Nairobi kuna maonyesho ya magari yaliyotunzwa vizuri. Fundi anayejua kurudisha bodi ya zamani katika hali yake hukosa kazi kwa nadra.

Kutu inaanzia wapi

Chuma kikikutana na maji na hewa kinageuka kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana inasukuma rangi juu na kupanua maungio ya bati. Unapoona lengelenge nje, mara nyingi kazi imeshaanza ndani siku nyingi.

Mbale iko chini ya mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, na mvua yake si ya mchezo. Tope la barabara za vijijini linajibana ndani ya madigadi na kubaki bichi hata jua likiwaka. Kisha kuna mafuriko. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini, watu wakapoteza maisha na mali. Gari lililozama kwenye maji ya namna hiyo hubaki na matope ndani ya maboksi ya bodi, mahali ambapo jicho halifiki. Lisipooshwa ndani kwa maji safi na kukaushwa, linaliwa kimya kimya kwa miaka.

Hata gari lililokuja juzi kutoka Japani linaweza kuwa na kutu. Kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji ili zisiteleze, na chumvi hiyo hukaa chini ya gari. Kabla ya kununua, ingia chini uangalie.

Sehemu za kuchunguza kwanza ni hizi:

- Boksi la chuma linalopita chini ya milango, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma.
- Sehemu ya chini ya milango, hasa kama matundu ya kutolea maji yameziba.
- Sakafu chini ya kapeti, na shimo la tairi la akiba ndani ya buti.
- Ndani ya madigadi, pale tope linapokaa.
- Fremu ya kioo cha mbele, chini ya mpira.
- Mahali betri inapokaa, kwa sababu asidi yake hula bati.

Pima kabla ya kutaja bei

Kosa kubwa la fundi mpya ni kutaja bei akiwa amesimama mbali na gari. Chukua vifaa vitatu vya bei nafuu: sumaku, bisibisi na nyundo ndogo.

Sumaku unaweza kuitoa kwenye spika mbovu ya redio. Ifunge kwa kitambaa isikwaruze rangi, kisha ipitishe juu ya bodi. Ikishika hapa na kuachia pale, hapo pana puti nene au hapana chuma kabisa. Gonga kwa nyundo polepole: bati zima linatoa sauti kali, puti inatoa sauti ya kufa. Kisha ingia chini na usukume bisibisi kwenye sehemu zenye kutu. Chuma kizima kitakataa. Kilichooza kitapokea bisibisi kama mkate.

Fanya hivyo mwenye gari akiwepo, na umwombe ruhusa kwanza. Akiona kwa macho yake bisibisi ikipenya, hamtagombana baadaye kuhusu nani ametoboa tundu.

Mwambie ukweli mapema: tundu la ukubwa wa sarafu kwa nje linaweza kuwa la ukubwa wa sahani ukishakwangua. Ndiyo sababu bei ya kwanza iwe ya kufungua na kuchunguza, na bei ya kazi yote ije baada ya kuona.

Ngazi tatu za kutu

Ngazi ya kwanza ni kutu ya juu. Bati lina rangi ya machungwa lakini likisuguliwa linang'aa. Sugua kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80, halafu namba 180, mpaka usione doa. Pangusa vumbi, kausha, paka praima siku hiyo hiyo. Ukiacha bati tupu usiku mmoja wakati wa mvua za Mbale, asubuhi utaanza upya.

Ngazi ya pili ni kutu ya vidonda. Bati lina vishimo vidogo lakini halijatoboka. Msasa hauingii ndani ya vishimo. Hapo tumia dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, uvae glavu na miwani, ufuate maelezo ya chupa. Vipande vidogo unavyoweza kufungua, kama bawaba, kufuli na mabano, unaweza kuvilowesha kwenye molasi. Jinja na mashamba ya miwa ya Kakira haviko mbali, na molasi si ghali. Changanya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa za maji, zamisha kipande kwa wiki moja hadi mbili, kitoe, kioshe, kikaushe na upake praima mara moja. Mchanganyiko unanuka na unavuta nzi, kwa hiyo uufunike na uuweke mbali na nyumba. Usiweke vipande vya alumini humo, vitaharibika.

Ngazi ya tatu ni tundu. Hapa hakuna dawa ya chupa. Chuma kilichokwisha hakirudi. Kata, weka kipya.

Bati gani linafaa

Kwa paneli za nje za magari mengi ya zamani, bati jeusi la milimita 0.8 hadi 1 linafaa. Dukani uliza geji 20. Kwa sakafu na boksi la chini ya milango tumia nene kidogo, karibu milimita 1.2, ambayo ni geji 18.

Usitumie bati la kuezekea nyumba. Geji 30 ni nyembamba mno kwa gari, tena limepakwa zinki. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe. Ukiuvuta, saa chache baadaye unapata homa, baridi na maumivu ya mwili kama malaria. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanazuia. Maziwa ni chakula kizuri, ila hayazuii moshi kuingia kwenye mapafu. Kama huna budi kuchomelea chuma chenye zinki, kwangua zinki yote kwanza pande zote mbili, fanya kazi nje penye upepo, na usimame upande ambao upepo unatokea.

Mafundi wengi hukata mapipa ya lita 200 kupata bati, na unene wake unafaa. Hatari iko kwenye kilichokuwa ndani. Pipa la petroli, dizeli, thina au kemikali usilikate kwa moto wala kwa grainda, hata kama linaonekana tupu. Mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Kama hujui pipa lilibeba nini, liache.

Kukata na kuchomelea

Tuseme umepokea Peugeot 504 ambayo boksi la chini ya mlango wa kushoto limeoza. Gari hili, kama saluni nyingi, halina chasisi ya pekee kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na boksi hilo ni sehemu ya uti wa mgongo. Ukilikata ovyo gari likiwa juu ya jeki, bodi inakunjika katikati na milango haifungi tena.

Fuata hatua hizi:

1. Weka gari mahali tambarare juu ya stendi imara au magogo mapana, sehemu kadhaa, uzito ugawanyike. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

2. Funga milango na upime nafasi kati ya mlango na bodi. Andika vipimo. Kisha fungua mlango, ukate bomba la chuma na ulichomelee kwa nukta chache ndani ya nafasi ya mlango, kutoka mbele hadi nyuma, lizuie bodi isijikunje.

3. Fanya upande mmoja mpaka uishe. Usifungue pande zote mbili kwa pamoja.

4. Kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa na chenye unene wake. Huu ndio moyo wa kazi yote. Ukichomelea bati jipya kwenye ukingo wenye kutu, moto utatoboa, na hata ukishika, kutu itaendelea pembeni ya kiraka. Afadhali kiraka kikubwa kwenye chuma kizima kuliko kidogo kwenye chuma kibovu.

5. Kata kielelezo cha boksi la karatasi gumu kwanza. Kijaribu, kikunje, kirekebishe. Karatasi ni bure, bati si bure. Kisha hamishia umbo kwenye bati, ukate kwa mkasi wa bati na ulikunje kwa nyundo kwenye ukingo wa chuma kinene.

6. Paka praima inayostahimili moto wa kuchomelea kwenye upande wa ndani ambao hautaufikia tena. Acha kingo tupu.

7. Pachika kwa nukta. Weka nukta moja juu, nyingine chini, nyingine upande wa pili, ukiacha sentimita 3 hadi 5 kati yake. Subiri chuma kipoe hadi uweze kukigusa, kisha ujaze katikati kwa kurukaruka. Ukichora mstari mmoja mrefu kwa mpigo, joto litalipinda bati kama jani kavu.

Kuhusu mashine: ile ya waya na gesi ndiyo rahisi zaidi kwa bati jembamba, ukitumia waya wa milimita 0.6 au 0.8. Mashine ya vijiti inawezekana, ila kijiti cha milimita 2.5 hutoboa bati la gari haraka. Tafuta cha milimita 2 au chini yake, punguza umeme, na ujizoeze kwenye vipande vya taka kabla ya kugusa gari la mtu. Umeme ukipanda na kushuka, kama inavyotokea mara nyingi, nukta zako nazo zitabadilika. Jaribu kila asubuhi kwenye kipande cha pembeni.

Pale unapoweza, kutanisha bati ukingo kwa ukingo. Bati moja likilala juu ya jingine, maji huingia katikati na kutu huanza upya. Kama lazima zilaliane, ziba maungio kwa gundi ya kuzibia bodi. Na usizibe matundu ya kutolea maji. Kiwanda kiliyaweka kwa sababu.

Bati lililobonyea

Bonyeo lisilo na kutu halihitaji kukatwa. Shika chuma kizito chenye uso laini nyuma ya bati, ugonge kwa nyundo nyepesi kwa mbele. Anza kwenye kingo za bonyeo na uelekee katikati, kwa mapigo mengi madogo. Pigo moja kubwa linavuta bati na kulifanya pana kuliko nafasi yake, kisha linaruka ndani na nje kama kifuniko cha kopo. Likishafika hapo, pasha moto doa dogo la ukubwa wa sarafu mpaka liwe jekundu, gonga taratibu pembeni yake, kisha lipoze kwa kitambaa kibichi. Bati litajikunyata na kukaza.

Land Rover ina sheria zake

Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa alumini, na chasisi pamoja na ukuta unaotenganisha injini na dereva vikabaki vya chuma. Mfumo huo uliendelea kwa miaka mingi.

Usishangae sumaku ikikataa kushika kwenye mlango. Hiyo si puti. Tatizo liko pale alumini inapogusa chuma. Maji na tope vikiwa katikati, alumini inaliwa na kuwa unga mweupe. Safisha, paka praima pande zote mbili, weka kipande cha mpira katikati, ndipo ufunge. Usijaribu kuchomelea alumini kwa vijiti vya chuma. Kiraka cha alumini kifungwe kwa ribiti, au kipelekwe kwa fundi mwenye mashine yake. Kutu ya kweli itafute kwenye chasisi, hasa nyuma, na kwenye miguu ya ule ukuta wa mbele.

Puti ina kazi yake

Puti si adui. Ni ya kulainisha uso wa chuma kizima kilichonyooshwa, kwa unene usiozidi milimita 3 hivi. Inanyonya unyevu, kwa hiyo ukiipaka juu ya kutu au tundu unaihifadhia kutu maji. Isilale bila praima, na isinyeshewe.

Baada ya puti na msasa, paka praima, kisha rangi. Gari likishapakwa, kazi haijaisha. Ndani ya boksi la chini ya milango, puliza nta ya kuzuia kutu au grisi mpya iliyolainishwa kwa oili safi, kupitia matundu yaliyopo. Wengine humwaga oili chafu ya injini kwa sababu ni bure. Oili hiyo inadhuru ngozi ukiigusa kila siku, inaharibu mipira ya gari, na inadondoka kwenye udongo na visima tunavyotumia sote.

Usalama: usikubali kuharakishwa

Kabla ya kuwasha moto, ondoa waya za betri. Toa kapeti, viti na lami ya kuzuia kelele upande wa nyuma wa bati, kwa sababu moto huanza mahali usipouona. Kama unachomelea karibu na tangi la mafuta, lifungue na ulipeleke mbali. Tangi lililovuja usilichomelee. Weka ndoo ya maji na mchanga karibu, na mtu wa kuangalia upande wa pili. Ukimaliza, kaa nusu saa uone kama kuna kinachofuka.

Kuhusu macho: mwanga wa kuchomelea kwa umeme huunguza jicho bila wewe kuhisi. Usiku unaamka macho yanawasha kana kwamba yamejaa mchanga. Miwani ya jua haizuii. Unahitaji kofia yenye kioo cheusi, namba 10 au zaidi kwa kazi ya kawaida ya umeme. Kwa gesi, namba 5 hutosha. Ukiungua, usitie maziwa, majani wala dawa ya mwenzako. Funika kwa kitambaa safi cha baridi na uende kituo cha afya. Watoto hupenda kutazama cheche. Weka pazia au mabati kuzunguka eneo la kazi.

Kuhusu gesi ya kabaidi: gereji nyingi ndogo hutengeneza gesi kwa kutia kabaidi na maji ndani ya pipa la kujitengenezea. Gesi hiyo, asetilini, inaweza kulipuka yenyewe shinikizo likipanda, na pipa lisilo na kifaa cha kuzuia moto kurudi nyuma ni bomu. Usitumie bomba la shaba kuisafirisha. Kama unajifunza kwenye gereji yenye pipa hilo, simama mbali nalo, na ukipata nafasi ya kuchagua, chagua gereji yenye mitungi ya kiwandani na vali zake.

Rangi za magari ya zamani zinaweza kuwa na risasi ndani yake. Sugua kwa maji badala ya kupeperusha vumbi, vaa barakoa, nawa kabla ya kula, na usiende nyumbani kumbeba mtoto ukiwa na nguo za kazi.

Makubaliano, haki na karatasi zako

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na uhuru wa kutembea ndani ya nchi, kwa masharti ya kawaida ya sheria. Ukitoka kwenye makazi kwenda kutafuta kazi Jinja au Mbale, beba kitambulisho chako cha ukimbizi, na uijulishe ofisi ya kamanda wa makazi ili usikose uhakiki ukiwa mbali. Kumbuka pia kwamba misaada mingi hutolewa ndani ya makazi, si mjini.

Andika makubaliano, hata kwenye daftari la shule: kazi gani, bei gani, vifaa vinanunuliwa na nani, siku gani. Pande zote mbili ziweke saini. Ni vizuri mwenye gari anunue bati na rangi mwenyewe na kubaki na risiti. Piga picha kwa simu mara tatu: kabla ya kukata, baada ya kuchomelea, na kabla ya puti. Mwenye gari, ziombe picha hizo. Fundi anayeficha kiraka kabla hujakiona ana sababu.

Usikate wala usichomelee juu ya namba ya chasisi. Namba iliyoguswa inaleta maswali ya polisi, na wewe ndiye utakayeulizwa. Nunua vipuri na bati kwa risiti, na mtu akikuletea gari bila karatasi, akitaka rangi ibadilishwe haraka, kataa kazi hiyo kwa upole.

Kama umejifunza kazini bila kupita chuoni, uliza chuo cha ufundi kilicho karibu nawe kuhusu upimaji wa mafundi. Kwa miaka mingi Uganda imekuwa na cheti kinachoitwa Worker's PAS, kinachompa fundi ushahidi wa kile anachoweza kufanya kwa mikono, bila kudai vyeti vya shule. Cheti hicho, pamoja na picha zako za kazi, vinakusemea mahali ambapo hakuna anayekujua.

Na kama mwenye gereji ni mwenyeji na wewe ni mgeni, au kinyume chake, kumbukeni kwamba mteja hasomi kabila kwenye kiraka. Anasubiri mvua inyeshe, kisha anaangalia chini ya mlango. Pakibaki pakavu na rangi imelala, atarudi na gari la kaka yake.